Tarakimu mbili kwenye kioo

Kibokoni, Mombasa
Jumapili, baada ya Isha

Yakhe,

Barua yako niliipata Alhamisi kwa kijana wa basi, pamoja na ile chaja. Ahsante. Salamu zako nimemfikishia mama yako. Nilivuka feri Ijumaa baada ya swala nikamkuta ameweka sufuria mbili chini ya paa la jikoni, moja ya wali na ile kubwa ya pilau za harusi, mvua yaingia tone tone. Hakulalamika. Kasema tu, "Mwambie mwanangu masika ya mwaka huu hayana mzaha."

Haya, tuje kwenye hiyo mashine yako.

Waniuliza mimi kwa sababu wajua nilivaa kile kizibao chekundu miaka minne katika kasino moja huku Nyali, kazi yangu kubadilisha noti na kufungua mashine zilizokwama. Miaka yote hiyo mama yangu hakula samaki niliyemnunua kwa mshahara ule. Alikuwa akimtupia paka, na paka wa mtaa wetu wakanenepa. Kwa hivyo mambo ya halali na haramu sikufundishi, ustadh wako keshayamaliza. Wewe umeniuliza jambo jingine: mashine ya poka yaweza kushindwa kwa akili? Hilo nitakujibu.

Kwanza, kwa kuchagua poka hukukosea. Mashine nyingi mle ndani hazisemi bei yake. Zile za matunda na kengele na mafarao, mbili zaweza kusimama bega kwa bega, picha zile zile, mlio ule ule, moja imepangwa irudishe zaidi kuliko mwenzake, na wewe uliyekaa mbele yake hutajua hata ucheze mpaka uote mvi. Kiwanda huuza mchezo mmoja na mipangilio kadhaa, mwenye kasino achague autakao. Na zile bonanza za mtaani za kumeza shilingi ishirini, hizo hata sizitii hesabuni. Lakini poka ni karata 52, na karata hazina siri: kopa 13, uru 13, shupaza 13, pau 13. Ikiwa mashine yachanganya kwa haki, kama sheria ya Nevada, lile jimbo la kasino huko Marekani, inavyozilazimisha za kule, basi kilichobaki ni jedwali la malipo, nalo limeandikwa pale pale kwenye kioo. Mwenye kalamu aweza kujua kile kiti chamgharimu nini kabla hajakikalia.

Chukua mchezo wauitao Jacks or Better. Wapewa karata tano, washika uzitakazo, wabadilisha zilizobaki mara moja, basi. Ukipata ghulamu (J) wawili, au jozi iliyo kubwa kuliko hiyo, warudishiwa pesa yako. Jozi mbili yalipa 2 kwa kila sarafu uliyoweka, watatu wa namna moja 3, mfuatano, yaani karata tano zinazofuatana, 4. Hayo kwa kawaida hayaguswi. Yanayoguswa ni mistari miwili, ful hausi (watatu wa namna moja pamoja na jozi) na flashi (karata tano zote za aina moja, kama kopa tupu). Mashine nzuri yalipa 9 kwa ful hausi na 6 kwa flashi, na ukiicheza bila kosa yarudisha asilimia 99.54 ya pesa zinazopita ndani yake. Ikiandikwa 8 na 5, ni 97.30. Ikiandikwa 6 na 5, ni 95 tu.

Wasema tofauti ni ndogo? Ngoja nikusimulie. Usiku mmoja, saa kumi alfajiri, wateja wamekwisha, fundi alikuja na funguo zake akafungua mashine nne za pembeni, akabonyeza bonyeza, akazifunga. Hakugusa viti, wala taa, wala mlio. Asubuhi yake 9 imekuwa 8, na 6 imekuwa 5. Wiki nzima watu walikaa pale pale, wakilaani nyota zao zile zile. Aliyeona ni mtu mmoja, mzee muuza kanga wa Biashara Street aliyekuwa akija kila Alhamisi. Yule mzee hakai kabla ya kuvaa miwani na kusoma kioo, kama anayefunua mashavu ya samaki kabla ya kuuliza bei. Alisoma ya kwanza, akasogea akasoma ya pili, akavua miwani. "Mwanangu, hizi hazikuwa tisa?" Nilinyamaza, maana mkuu wa zamu alikuwa nyuma yangu. Akachukua koti lake, akanipa mkono, akatoka. Sikumuona tena. Mpaka leo naona haya kwa ule ukimya wangu.

Sasa geuza asilimia ziwe shilingi. Tuseme sarafu ni ya shilingi 10, waweka tano, yaani 50 kila mkono (mgao mmoja wa karata), na kwa saa wacheza mikono 500, si mbio sana. Hapo umepitisha 25,000 kwa saa. Kwenye 9 na 6, saa hiyo yakugharimu kama shilingi 115, nafuu kuliko sinema. Kwenye 8 na 5 ni 675. Kwenye 6 na 5 ni 1,250. Kiti kile kile, soda ile ile ya bure. Wenye kutafuta mashine zenye thamani kazi yao kubwa ni hiyo: watembea, wasoma vioo, waondoka. Kucheza ndiyo sehemu ndogo.

Na usidanganyike na hiyo 115. Mimi ilinidanganya. Ndani ya ile 99.54, karibu 2 nzima zimefungiwa ndani ya mkono mmoja tu, ule wa kifalme: kumi, ghulamu, bibi, mfalme na ree (A), zote za aina moja. Huo hutokea kama mara moja katika mikono 40,000. Kwa mwendo wetu wa 500 kwa saa, hizo ni saa 80. Na mpaka uje, mashine yako nzuri ya 9 na 6 yakula kama 610 kwa saa, si 115. Ukija wakulipa sarafu 4,000, shilingi 40,000, na hesabu yarudi mahali pake. Lakini usipokuja? Kwa kila watu watatu watakaocheza mikono 40,000, mmoja na ushei hatauona kabisa. Mimi nilikwenda siku zangu za mapumziko katika kasino nyingine, kwa sababu yetu tulikatazwa kuicheza. Nilikuwa na jedwali kichwani na kiburi mfukoni, na mwezi wa pili nilikuwa naazima nauli ya tuktuk.

Ndiyo maana pia haitakiwi kuweka sarafu moja moja eti wabana matumizi. Mkono wa kifalme kwa sarafu moja walipa 250. Kwa tano, kila sarafu yalipwa 800. Tano zikikushinda, tafuta mashine ya sarafu ndogo.

Kuhusu namna ya kushika karata, hapo nitakaa kidogo, maana barua yako imenichekesha. Waandika kwamba "hisia" zako zakwambia nini cha kushika. Yakhe! Wareno walianza kujenga Ngome yetu hii, Fort Jesus, mwaka 1593 na wakatuachia na maneno ya karata pia, kopa, uru, shupaza, pau, hata turufu yenyewe, na sisi tumekulia barazani tukidhani karata ni macho na uongo. Turufu, sawa, unamsoma mwenzako usoni. Mashine haina uso.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye magari ya watalii. Mbele yangu kabisa alipata kumi, ghulamu, bibi na mfalme, zote za kopa, na ya tano ghulamu wa pau. Akashika wale ghulamu wawili, kwa sababu walikuwa tayari wamemrudishia pesa yake. Nikauma ulimi. Hesabu nawe: angewashika wale wanne wa kopa, karata zilizobaki ni 47. Ree ya kopa ni moja, 800. Tisa ya kopa moja, mfuatano wa kopa tupu, 50. Kopa nyingine saba ni flashi, 6 kila moja. Ree tatu na tisa tatu zisizo za kopa ni mfuatano, 4 kila moja. Ghulamu wawili, bibi watatu na wafalme watatu zamrudishia pesa yake. Jumla 924, gawa kwa 47, yakaribia 20 kwa kila sarafu. Wale ghulamu wawili aliowang'ang'ania thamani yao ni kama moja na nusu. Lakini tazama upande wa pili: karata 24 kati ya hizo 47 hazimpi kitu, na hiyo ndiyo aliyoiona yeye. Zaidi ya nusu ya mara, uamuzi sahihi ungemwacha mikono mitupu mbele ya mkewe.

Mengine ni mepesi kukumbuka. Jozi kubwa usiivunje kwa kukimbilia flashi ya kawaida. Jozi ndogo, kama ya sita, ivunje ukiwa na karata nne za aina moja, lakini usiivunje kwa mfuatano wa kawaida. Na ile tabia ya kushika jozi pamoja na ree "ya kumsindikiza", iache. Ree haimsindikizi mtu, yaziba nafasi tu. Nusu ya mikono yote, na zaidi kidogo, haitakupa chochote hata ucheze kama malaika.

Umetaja mashine zinazomlipa mchezaji zaidi ya asilimia 100. Ni kweli, zipo. Ile ya Deuces Wild, ambapo kila karata ya mbili yageuka karata uitakayo, kwa jedwali lake kamili yarudisha 100.76. Ni za Nevada hasa, na hata huko zimekuwa adimu. Tuseme umeipata, sarafu ya senti 25, tano kwa mkono, mikono 600 kwa saa bila kosa. Wapitisha dola 750, na asilimia 0.76 ya hizo ni dola tano na senti sabini kwa saa. Hiyo ndiyo faida, na hata hiyo ni kwa wastani wa miezi mingi. Nauli ya ndege hujalipa.

Na hiyo ya kwenye simu uliyoanza nayo, ile iliyokupa mikono miwili ya kifalme kwa wiki moja, ifute. Mikono miwili kwa wiki ni chambo. Hakuna aliyekwambia ile programu yachanganya karata 52 kwa haki.

Sasa zile 30,000. Umeandika kwamba wazipeleka "mara moja tu", uzigeuze 60,000, ndipo ulipe paa. Kwa shilingi 50 kila mkono, hizo ni mikono 600, saa moja na kidogo, kama mashine haikurudishii kitu. Itakurudishia, kwa hivyo utakaa zaidi, pengine usiku mzima, na waweza hata kutoka na faida. Nimewaona wakitoka na faida. Siwezi kukwambia hutashinda. Naweza kukwambia bei ya kiti tu, na bado hujaniambia ni kiti gani.

Kwa hivyo nifanyie hivi. Kabla hujatia hata sarafu, simama mbele ya hiyo mashine yako ya huko Nairobi, mikono mfukoni. Soma safu ya sarafu moja, mstari wa ful hausi na mstari wa flashi. Niandikie hizo tarakimu mbili tu.

Fundi wa mabati nimempeleka Likoni mwenyewe. Kapanda, kapima, kasema 28,500 pamoja na misumari na mbao mbili za kubadilisha. Arudi Jumatano saa tatu asubuhi, na nimemwambia mama asihamishe zile sufuria mpaka hapo.

Sahibu yako wa barazani