Shangazi, ile rangi ya mchuzi isiyotoka kwenye mkebe

Shangazi mpendwa,

Jumapili uliniuliza kwa nini nimekataa kufungiwa maharagwe ya kubeba, nikabaki nikijiumauma mbele ya wageni. Nisamehe. Haikuwa dharau, tangu nije Nairobi kusoma, mkono wako ndio umenilisha. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu akina mama wengi wa vibanda, kuanzia Industrial Area hadi Kawangware, wanapakua chakula cha moto kwenye plastiki kama wewe.

Chukua ule mkebe wako wa plastiki, ule usio na alama yoyote chini. Umeusugua kwa sabuni na jivu, lakini rangi ya mchuzi imekataa kutoka. Pitisha kidole: bado unateleza. Mafuta yakiwa ya moto yaliingia ndani ya plastiki yakakaa humo pamoja na wekundu wa nyanya. Basi ikiwa mafuta yameweza kuingia, vilivyomo kwenye plastiki vitashindwaje kutoka?

Vipo vinavyotoka. Thaleti ni kemikali zinazotiwa kwenye PVC, aina ya plastiki, ili ilainike, na kwa kuwa hazikushikanishwa nayo kikemia, huhama taratibu, hasa zikikutana na chakula chenye mafuta. Bisfenoli A ni kemikali inayotumika kutengeneza polikaboneti, plastiki ngumu ya mitungi mingi ya maji ya lita 20, na joto huizidishia kutoka. Tangu 1936 Charles Dodds na wenzake huko London walionyesha kwamba bisfenoli hii huiga estrojeni, homoni ya kike.

Sasa njoo kwenye seli, maana hapa ndipo niliponyimwa usingizi. Kila seli ya mwili wako imezungukwa na utando, na utando huo ni mafuta: safu mbili za molekuli zenye vichwa na mikia, vichwa vinavyopenda maji vikielekea nje na ndani, mikia ikifichana katikati. Unene wake ni nanomita 5 hivi; inabidi upange tando 20,000 ndipo upate unene wa karatasi moja ya daftari. Wala si ukuta mgumu. Unachezacheza kama mafuta juu ya supu, na ndani yake zimeelea protini, baadhi yake zikiwa masikio ya seli.

Bisfenoli A inapenda mafuta, ila ina ncha mbili zinazoelewana na maji. Ndiyo maana ikifika kwenye utando hujipenyeza na kupendelea kukaa karibu na vile vichwa, ikiyasukuma mafuta yaachane kidogo. Utando unalegea, na protini zilizozoea kushikwa sawasawa zinaweza kuyumba. Juu ya hayo, iko protini moja ya kupokea ishara, GPER, ambayo bisfenoli huishika ikijifanya estrojeni. Seli huanza kuitika ndani ya dakika chache, kabla kiini hakijaguswa. Mgeni amebisha hodi kwa sauti ya mwenye nyumba, akafunguliwa.

Sitaki kukutia hofu ya bure. Majaribio mengi ya maabara hutumia kiasi kikubwa kuliko kilichomo kwenye damu yetu, na bisfenoli A nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Lakini sisi tunakula kila siku. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango inachokiona salama kutoka mikrogramu 4 hadi nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Hawakushusha hivyo kwa mchezo.

Na mkaza mwanao ana mimba ya miezi mitano. Mtoto aliye tumboni anaumbwa kwa ishara za homoni, ndiyo maana nakusihi: usimpakulie chakula cha moto kwenye plastiki, usifunike wali jikoni kwa nailoni, na ule mtungi wa maji uondoe juani, uweke nyuma ya kabati.

Jumamosi nitapitia Gikomba nikununulie bakuli sita za stili zenye vifuniko. Mkebe wa zamani usiutupe, tia humo vibiriti na mishumaa. Na maharagwe unibakizie, safari hii nayabeba.

Mwanao.