Kitabu cha Sheria Ulichoniomba Hakipo

Bowling Green, Ohio
Septemba

Baba Neema, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama Neema na watoto. Sisi huku wazima. Mahindi yameshakauka shambani, bado kidogo waanze kuvuna, na hapo karakana yetu haitakuwa na pa kukanyaga. Ndiyo maana nakujibu sasa, kabla sijabanwa.

Umesema kamati yenu inataka kuweka mashindano ya matrekta kuvuta mzigo mzito Nane Nane ijayo, kwa matrekta ya kawaida ya wakulima, na unaomba nikutumie kitabu cha sheria cha Marekani mkitafsiri. Jibu fupi ni kwamba kitabu hicho hakipo. Vipo vingi, vinapingana, na vingine ni karatasi moja iliyobandikwa ukutani penye mizani. Jibu refu ni hili, tafuta kiti.

Lile dude la chuma uliloliona kwenye video likivutwa na trekta ni tela lenye magurudumu kwa nyuma tu. Mbele linakalia bamba linalosugua udongo. Juu yake kuna sanduku lenye vyuma vya uzito, linalotembea kwenye reli. Trekta likianza, sanduku liko nyuma na mzigo unaonekana mwepesi. Kadiri linavyosonga, gia zinalisogeza sanduku mbele, uzito unalalia bamba, bamba linajichimbia, na trekta linaishiwa ama nguvu ama mshiko. Ulipofia ndipo wanapopima. Ukifika futi 300, karibu mita 91, umemaliza uwanja. Wakimaliza zaidi ya mmoja, wanaongeza uzito kwenye tela na kurudia. Hiyo sehemu inafanana karibu kila mahali. Ugomvi uko kwenye trekta lenyewe.

Hata mashindano makubwa yalianza hivyo hivyo, bila sheria moja. Mashindano ya matrekta yenye injini yanatajwa tangu 1929, huko Missouri na hapa Ohio, na kabla ya hapo walikuwa farasi. Kwa miaka mingi kila eneo lilijipangia lake. Kuna mahali mzigo ulikuwa watu: wanaume wanasimama kando ya njia, tela likipita kila mmoja anarukia juu, mpaka trekta linakwama. Mwaka 1969 wawakilishi wa majimbo manane walikutana wakaunda NTPA, chama cha taifa cha wavutaji wa matrekta, ili pawe na sheria moja. Hao ndio wanaofanya mashindano yao makubwa hapa hapa Bowling Green kila Agosti, kwenye viwanja vya maonyesho vya Wood County. Kitabu chao kipo na kimenyooka. Lakini hakitawasaidia, kwa sababu kimeandikwa kwa ajili ya mashine ambazo hazijawahi kuona jembe, nyingine zina injini tatu au nne kwa mpigo, nyingine zimefungwa injini za helikopta.

Chini ya hao ndipo kuna daraja wanaloliita "farm stock", trekta la shamba kama lilivyotoka shambani. Chukulia NTPA ni Ligi Kuu, halafu huku chini ni ndondo: manahodha wanakubaliana kabla ya mechi kama viatu vyenye meno vinaruhusiwa au la, na mtaa wa pili wanakubaliana kinyume. Maonyesho ya kaunti ndiyo yenye daraja hilo, na kila kaunti inajibu kivyake swali moja: trekta la shamba ni lipi?

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Mteja mmoja wa karakana yetu ana International 1066, lile jekundu lenye turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, lililotengenezwa miaka ya sabini. Huku ni kama Massey 290 huko kwetu, kila kijiji lipo. Kwenye maonyesho ya kaunti yake alivuta vizuri, akapewa kikombe. Wiki iliyofuata akavuka mpaka kuingia Indiana, mwendo wa chini ya saa moja, trekta lile lile, tairi zile zile. Mkaguzi akapiga magoti nyuma yake na futi kamba, akapima kutoka ardhini hadi kwenye tundu la droba, kile chuma cha nyuma kinachofungwa mnyororo wa kuvutia. Kwao mwisho ni inchi 20. Kule alikotoka ni 22, na yeye alikuwa amejipimia 22 kamili. Nikamwona anazunguka tairi za nyuma na kipima upepo, anapunguza kidogo huku, kidogo kule, anarudi kupima. Trekta likashuka kama nusu inchi tu. Ikabidi wafungue droba yenyewe, waigeuze, na foleni nyuma yao inapiga honi. Akaingia uwanjani akiwa wa mwisho, akavuta futi mia mbili na kitu.

Usidhani inchi mbili ni ubishi wa wazee wasio na kazi. Droba ikipanda, mnyororo unapovuta unalalisha uzito zaidi kwenye tairi za nyuma na kuzinyanyua za mbele. Unapata mshiko, ila pia uko karibu zaidi na kupinduka chali. Ndiyo maana sehemu nyingi wanapima na umbali wa kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye tundu, usipungue inchi 18, kwa sababu droba fupi nayo ina ujanja wake.

Ukiacha droba, kinachotofautiana zaidi ni mwendo. Kuna kaunti zinaweka kikomo, tuseme maili 5 kwa saa au 8, na mtu anasimama na kifaa cha kupima kasi kama trafiki wetu wa barabara ya Chalinze. Ukizidisha, bendera nyekundu, umetoka. Wengine hawana kikomo, lakini wanabana resi za injini, yaani mizunguko yake kwa dakika: usizidi zile za kiwandani, au usizidi namba fulani waliyojichagulia. Wengine hawajali mwendo wala resi, wanatazama turbo tu. Wanakuambia iwe ile ile iliyokuja na modeli hiyo, au mdomo wake usizidi inchi 3, halafu mkaguzi anaingiza kipimo cha duara kwenye mdomo wa turbo. Kikipita, rudi nyumbani.

Nilikuwa najiuliza kwa nini wasikae wakakubaliana. Nimezungumza na wazee wa hapa, na ninavyoona mimi kuna sababu mbili, moja safi na moja ya kuchekesha.

Iliyo safi ni kwamba sheria zinafuata matrekta yaliyopo. Hapa kwetu ni tambarare ya mahindi na soya, kwa hiyo madaraja yamejengwa kuzunguka matrekta ya nguvu farasi 100 hadi 200: hayo mekundu, na John Deere 4020 na 4440. Uzito unaanzia kama pauni 8,500 na kupanda, 10,000, 12,000, 14,000 na kuendelea. Pauni 10,000 ni kama tani nne na nusu. Ukienda mashariki, kwenye vilima vya New York na Pennsylvania ambako wanafuga ng'ombe wa maziwa, trekta la nyumbani ni dogo, na madaraja mepesi ndiyo yenye watu. Ukienda magharibi kwenye ngano, kama North Dakota, mkulima ana lile trekta kubwa linalojikunja katikati, lenye magurudumu manne makubwa sawa. Hilo huwezi kulichanganya na mengine, lazima liwe na daraja lake. Na kule New England bado utakuta mahali wanavuta mzigo mfu: bamba bapa lililopangwa matofali ya zege, hakuna sanduku linalotembea, kila raundi wanaongeza tofali.

Udongo nao una kauli. Mfinyanzi wa hapa ukimwagiwa maji na kushindiliwa unashika kama lami, tairi yenye kashata nzuri, yale meno yake ya mpira, inang'ata. Kwenye mchanga mambo ni mengine kabisa. Kwa hiyo wengine wanaruhusu tairi pacha kwenye daraja la shamba, wengine wanakataa. Wengine wanaweka kikomo cha saizi, 18.4-38 na si zaidi. Karibu wote wanakataa kashata zilizochongwa kwa grainda ziwe kali, na hapo ndipo tunaingia kwenye sababu ya kuchekesha.

Kila mstari wa ajabu kwenye karatasi hizi una mtu nyuma yake. Ukisoma "trekta liwe na mikono mitatu na PTO inayofanya kazi", yaani mikono ya nyuma ya kufungia jembe na shafti ya kuendeshea mashine nyingine, ujue kuna bwana aliyewahi kuvua vyote ili apate nafasi ya kuhamishia uzito mbele. Ukisoma "vyuma vya mbele visizidi urefu fulani kutoka ekseli ya nyuma", kuna aliyefunga bomba refu akaning'iniza vyuma mbele kabisa kama pua ya papa upanga. "Ekseli ya mbele isivute", hiyo imekuja baada ya matrekta ya kisasa yanayovuta magurudumu yote kuanza kuwafedhehesha wazee wenye 4020. Na kuna kaunti zinasema mshindani awe mkazi wa kaunti, au trekta liwe la familia yake, kwa sababu kuna watu wanaozunguka na trekta kwenye lori, rangi imechakaa vizuri, matope yamepakwa vizuri, na ndani ya boneti pampu ya dizeli imefunguliwa inamwaga mafuta mara mbili ya kiwandani. Ukimwona akianza kuvuta, moshi mweusi unapanda kama treni ya makaa, unajua hilo halijalima tangu lizaliwe.

Kwa hiyo karatasi ya kaunti ni kumbukumbu ya ujanja wa watu wa kaunti hiyo. Kaunti ya pili haikupata mjanja huyo, ikapata mwingine. Mimi sioni ubaya. Wapo wanaolalamika kila msimu kwamba wanataka sheria moja jimbo zima, na vyama vya majimbo, kama kile cha Ohio na cha Illinois, vimejitahidi kusawazisha madaraja ya juu kidogo. Lakini ukishaandika sheria moja kwa wote, mwenye pesa anajenga trekta moja la kwenda kila mahali kushinda, na mkulima wa Jumamosi anabaki kwenye viti na soda yake. Kutofautiana kunamlinda. Hilo ni langu, kuna rafiki zangu hapa karakana hatuelewani kabisa juu yake.

Ulaya nao wanavuta sana, hasa Uholanzi na Ujerumani. Kule uwanja ni mita 100 na madaraja ya wakulima yanahesabiwa kwa tani. Kwa hesabu za kilo mtaelewana nao haraka kuliko na hawa wa pauni.

Sasa yenu. Msinakili karatasi ya mtu. Andikeni kwanza orodha ya matrekta yatakayokuja kweli: nadhani ni Massey 290, 375 na 385, New Holland chache, Swaraj, na Ursus mbili tatu. Mkishajua hayo, madaraja yatajipanga yenyewe, pengine mawili tu yanatosha, jepesi na zito. Na mpime kwenye mizani ya kweli, si kwa makaratasi ya kiwandani. Wakulima wetu wanajaza maji kwenye tairi za nyuma na trekta linaongezeka mamia ya kilo bila kuonekana.

Tela la sanduku linalotembea ni ghali na linataka fundi mzuri wa gia. Kwa mwaka wa kwanza ningechukua njia ya New England: bamba nene la chuma, mnyororo, na mifuko ya saruji au matofali ya kuongeza. Wekeni kikomo cha mwendo, kidogo kabisa, kwa sababu bila tela la kubana taratibu mtu atachukua kasi na kulishtua bamba, na mnyororo ukikatika unaruka kama nyoka. Watu wakae mbali pande zote na asisimame yeyote nyuma. Hapa madaraja makali yana waya unaounganisha trekta na tela, vikiachana injini inazimika yenyewe. Nyie hamtakuwa nao, basi dereva awe na njia ya kuzima asiyohitaji kuitafuta.

Na hili naomba mliandike kwa wino mwekundu: mnyororo ufungwe kwenye droba tu, chini ya ekseli. Asitokee kijana akafunga kwenye mkono wa juu wa haidroliki kwa kuwa ameambiwa unapata mshiko. Massey 375 ni fupi na nyepesi mbele. Litamwangukia mgongoni kabla hajafikisha mguu kwenye klachi.

Mengine, resi na turbo na pampu, yaacheni kwanza. Wajanja wenu watajitokeza wenyewe, na mwaka wa pili mtajua mstari gani wa kuongeza.

Nitakutumia picha za karatasi tatu nilizonazo, moja ya hapa, moja ya Indiana na moja ya Michigan, uone zinavyopishana. Nawe nitumie kipimo cha droba ya ile 385 ya shemeji, kutoka ardhini hadi katikati ya tundu, tairi zikiwa na upepo wa kazi na trekta likiwa juu ya sakafu ya saruji, si kwenye majani. Nikipata hiyo nitakuambia namba ya kuandika.

Msalimie mzee, mwambie koti lake nimeshalinunua.

Wako,
Baba Upendo