YAH: KUMWACHA MAMA YANGU MPAKANI HOROHORO

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imenibakia kidogo. Mimi na mama yangu, viti namba 11 na 12, tulipanda basi lenu Mombasa Jumamosi iliyopita kurudi Dar es Salaam. Masharti yenu mnayajua, mmeyachapa wenyewe nyuma ya tiketi.

Tulipofika Horohoro kondakta akatangaza: "Mikoba acheni kwenye viti, hapa ni kugonga mihuri tu." Tukashuka na pasipoti mkononi. Siku hizi kazi yote iko kwenye jengo moja, dirisha hili wanakutoa Kenya, la pili wanakuingiza Tanzania, na maofisa, niwape haki yao, hawakutusumbua. Lakini mbele yetu kulikuwa na abiria wa basi lingine zima, na mama ana miaka 71 na goti bovu. Tunatoka nje, basi lenu linaondoka. Nikakimbia, nikagonga mlango. Kondakta akachungulia: "Bi mkubwa mwenyewe mwendo wa kinyonga, gari limsubiri mpaka lini?" Akapiga bodi mara mbili, dereva akakanyaga mafuta.

Limsubiri mpaka lini! Asubuhi ile ile tiketi iliandikwa saa 1, tukaondoka saa 2 na nusu, kwa sababu mlikuwa mnasubiri mabalo ya mfanyabiashara mmoja ambaye hata hakusafiri. Abiria wote tulikaa kimya. Muda mlioupoteza kwa mabalo mkaja kuufidia kwa mama yangu.

Dawa zake za presha zilikuwa kwenye mkoba, kwenye kiti, kama tulivyoagizwa. Tulikodi Noah mpaka Tanga kwa shilingi 60,000, tukatafuta duka la dawa, tukalala gesti. Wakala wenu wa Tanga akasema tuwapigie Mombasa. Mombasa wakasema ukishavuka mpaka wewe ni wa Dar. Kumbe wakati wa kulipa nauli ni kampuni moja, malalamiko yakija mnakuwa mbili.

Narudia ya pale mlangoni, maana sijayasema yote. Kijana yule, umri wa mtoto wa dada yangu, hakunong'ona. Alisema kwa sauti, na madirishani watu wakacheka. Mama alikuwa hatua kama kumi nyuma yangu, pasipoti bado imefunguliwa mkononi. Basi lilipoanza kwenda akalipungia mkono akitabasamu, akidhani linasogea tu kivulini. Mpaka lilipopotea ndipo akaniuliza, "Wametuacha?" Mwendo wa kinyonga. Usiku ule gesti alilirudia neno hilo mwenyewe, akijisema.

Nilipoanza barua hii nilitaka mturudishie nauli na hizo 60,000 tu. Sasa hapana. Nataka nauli yote ya watu wawili, Noah, gesti, dawa, na nauli ya basi lililotutoa Tanga kesho yake. Mkoba nao tuliukuta ofisini kwenu Mbezi umelowa maji ya samaki, na ndani mna doti mbili za kanga alizopewa mama na shangazi yangu wa Likoni. Hizo mtanunua mpya. Na nataka jibu la maandishi, si ujumbe wa "tumepokea maoni yako".

Mna siku 14. Zikipita, barua hii, nakala za tiketi na kurasa za mihuri zitakuwa mezani kwa LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini Tanzania, na zikitoka hapo zitakwenda kwa wakili.

Tena kondakta aje nyumbani amwombe mama radhi kwa kinywa chake. Tunakaa ghorofa ya nne, lifti hakuna. Apande polepole, tutamsubiri.

Wenu,
Abiria wa kiti namba 12