Barua kutoka Conover, Wisconsin

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo, na kazi ya jikoni inaenda vizuri.

Uliniuliza hapa Camp Ramah wanawapangaje watoto, maana unaandaa kambi ya Desemba pale kanisani na mwaka jana wadogo walimezwa na wakubwa. Nimewaangalia kwa makini, na kwa hili nimewavulia kofia.

Ni kambi ya Wayahudi, ilianza 1947 kando ya ziwa, katikati ya misitu. Watoto nyumbani kwao wanaongea Kiingereza, lakini hapa vitu huitwa kwa Kiebrania: bwalo ni chadar ochel, kibanda cha kulala ni tzrif, na kundi la rika ni edah. Tarehe ya kuzaliwa haiulizwi sana. Kinachoangaliwa ni darasa ambalo mtoto ataingia shule zikifunguliwa, kwa hiyo marafiki wa darasa moja hawatenganishwi. Wadogo kabisa ni Kochavim, nao hukaa muda mfupi kuliko wakubwa, wasije wakazidiwa na kukumbuka nyumbani. Wanaofuata ni Garinim, halafu Halutzim, na kuendelea hadi Nivonim, wanaoelekea darasa la 11. Kila edah ina mkuu wake, na walezi wanalala humohumo vibandani na watoto.

Majina hayabadiliki, watoto ndio wanaopanda. Aliyekuwa Garinim mwaka jana, mwaka huu ni Halutzim, na wenzake ni walewale. Ungewaona Ijumaa jioni, bwalo zima limevaa nyeupe! Nivonim wanaimba huku wakipiga meza, na vile vitoto vya Kochavim vinageuka kwenye benchi kuwatazama midomo, vidake maneno. Mimi husimama na sinia mkononi nikasahau kuligawa.

Vijana wenye ulemavu nao wana edah yao, Tikvah, ila kwenye michezo na nyimbo wanachanganyika na wenzao.

Sasa Dada, kwa Desemba wapange kwa darasa watakaloingia Januari. Kila kundi lipe jina litakalodumu mwaka hadi mwaka, na mlezi mmoja asiyehamishwa katikati ya kambi. Yule mtoto wa jirani asiyesikia awekwe na rika lake, tena mtafutie mwenzake anayejua ishara zake.

Orodha ya majina ikikamilika, ipige picha unitumie WhatsApp, tuigawe pamoja. Mama mpe shikamoo yangu.

Mdogo wako