Asante dada wa boti ya Mokowe
Dada uliyekaa nasi kwenye boti ya Mokowe kuja Lamu, jina lako sikulipata ila Mungu akulipe. Mamangu anatumia dijoksini ya moyo, juzi akaandikiwa pia antibayotiki ya kifua, klarithromaisini, basi ikawa kutapika tu, chakula hataki, anasema kila kitu anakiona manjano, na watu wanasema ni uzee. Wewe ukaomba mfuko wa dawa ukasoma pakiti moja moja, ukamshika mkono ukahesabu mapigo dakika nzima, hayafiki hata 50, ukasema dijoksini ya leo asinywe kwanza na tusipite nyumbani. Ukatueleza ile antibayotiki inazuia dijoksini kutoka mwilini, inajaa mpaka inakuwa sumu. Ukamshika kushuka gatini, ukaja mpaka hospitali ukamkabidhi daktari pakiti zote ukamwambia na saa ya dozi ya mwisho, palepale wakampima ECG (kipimo cha umeme wa moyo), potasiamu na figo. Hata soda ulikataa!

Mama sasa anakula, alhamdulillahi. Wenye wazee wa dawa za moyo, mkiandikiwa dawa mpya yoyote onyesheni pakiti zote, na akianza kutapika au kuona manjano msingoje asubuhi.