Mwakani Usiandae Peke Yako

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Tanga. Sisi hatujambo. Goti la baba yako limepata nafuu, siku hizi anakwenda msikitini kwa miguu. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana juzi ulisema, "Nimechoka, Mama, mwakani siandai tena," halafu hapo hapo ukaniuliza habari za mvua. Nikakuacha. Sasa hadithi zote za lile tamasha lenu la mtandaoni unaloliandaa zimeshatoka na umelala usingizi wa kutosha, basi nina la kukwambia kuhusu hayo uliyosema.

Mjomba wako alipita hapa akauliza unafanya nini usiku kucha kwenye kompyuta. Nikamweleza kama ulivyonieleza. Kuna watu wa nchi mbalimbali wanaopenda anime moja, yaani katuni ya Kijapani, wamekutana mtandaoni. Kila mwandishi anaandika hadithi yake kuhusu wahusika wale wale, maneno yasiyopungua 10,000. Akimaliza rasimu anatuma muhtasari usio na jina. Wachoraji wanasoma mihtasari hiyo na kuchagua hadithi wanazotaka kuzichorea, bila kujua nani kaandika nini. Ndipo mwandishi na mchoraji wanapokutanishwa, wanafanya kazi wiki kadhaa, na siku yao ya ratiba ikifika hadithi na picha vinatoka pamoja. Halipwi mtu.

Mjomba akasema, "Sasa yeye yuko wapi hapo? Haandiki, hachori."

Swali hilo lilinikera, mwanangu, kwa sababu najua hata baadhi ya wenzako huko kundini wanajiuliza hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba fomu ya kujiandikisha kaitunga yeye, kanuni kaziandika yeye, na ujumbe wa kukumbusha anautuma yeye, kwa mmoja mmoja, kila mtu kwa namna yake. Jedwali lako niliwahi kuliona ulipokuja Idi: kijani waliotuma kazi, njano waliochelewa, nyekundu waliokaa kimya. Ulikuwa unakunywa chai jicho likiwa kwenye zile nyekundu.

Nyekundu mojawapo ilikuwa ya yule mchoraji aliyeahidi, akaahidi tena, kisha akapotea siku chache kabla ya picha kutakiwa. Mwandishi wake ni yule dada wa Brazil, ambaye hadithi yake ilikuwa tayari kitambo. Mlikuwa mmepanga tarehe ya mwisho iishe saa sita usiku kwa saa za London, ambayo kwako Dar ni saa tisa usiku, na kesho yake asubuhi una kazi. Ukakaa macho unatafuta mtu wa kushika nafasi ile. Baadaye yule aliyepotea alijitokeza kusema mama yake alikuwa amelazwa hospitali. Uliniambia ulikuwa umekwisha mwandikia maneno makali, ukayafuta kabla hujayatuma. Kwa hilo nilimshukuru Mungu, maana maneno ya namna ile yakishafika hayarudi.

Nafasi ikachukuliwa na kijana wa Mwanza, yule anayechora kwa kidole kwenye simu, ambaye hakuwahi kumwonyesha mtu picha zake. Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, usipite mbio. Katika hadithi ile kuna mwalimu mzee ambaye mkono wake unatetemeka. Mwandishi alilitaja jambo hilo mara moja tu, katikati ya sentensi ndefu inayohusu mambo mengine. Kijana akamchora mzee amesimama mlangoni, mkono wa shati umevutwa hadi kwenye vidole, vimebaki vijincha tu. Hakuna aliyemwambia achore hivyo. Kasoma, kaona mwenyewe. Na yule dada, uliyenisomea ujumbe wake kwenye simu, akasema aliiandika sentensi ile kwa ajili ya babu yake na hakutegemea mtu yeyote ataitilia maanani. Watu hawa wawili hawajaonana na huenda wasionane. Wamekutana kwa sababu wewe ulikuwa macho saa tisa usiku. Mjomba wako akirudi na swali lake, nitamwonyesha picha ile.

Najua, hata hivyo, kilichokuliza si usingizi. Ni lile jambo la mchoraji aliyeshutumiwa kwamba picha yake imetengenezwa na akili bandia ya kompyuta, siyo mkono wake. Watu wakagawanyika, wengine wakaanza kuhesabu vidole vya mhusika hadharani wakitafuta kosa la kompyuta. Ulimwandikia faraghani, ukamwomba rasimu zake, akaleta zote tangu mistari ya kwanza hadi rangi. Kazi ni yake. Ukatangaza. Waliomshutumu hawakusema hata samahani, naye akaondoka kundini.

Ulifanya haki, na haki ile haikutosha kumbakisha. Nimelifikiria sana. Naona dawa yake iko mwanzoni, kwenye kanuni: kila mchoraji, awe mgeni au mkongwe, atume rasimu kila hatua, ya penseli, ya mistari, ya rangi. Wachoraji wenu tayari wanaripoti hatua zao, basi ripoti iambatane na picha. Hapo siku shutuma ikitokea, rasimu zote ziko kwako tayari, na humwombi mtu ajitetee mbele ya macho ya watu. Ukisubiri hadi kuwe na kelele, kule kuuliza tu kunamchafua.

Kuhusu wanaojitoa, ni wewe uliyenieleza habari za Yuletide, lile tamasha la kuandikiana hadithi kama zawadi ambalo limekuwapo tangu 2003. Hadithi zinafunguliwa tarehe 25 Desemba, majina ya waandishi yanafichwa hadi Januari mosi. Nililolipenda ni wale waandishi wa akiba. Mtu akishindwa kutimiza, ombi alilopangiwa kuliandikia linatangazwa na mwingine analichukua, hata kama zimebaki siku chache, ili asiwepo aliyetoa akakosa kupokea. Wao hawashangai mtu akijitoa, wameshampangia. Katika watu wengi wanaojitolea lazima atatokea anayefiwa, anayeugua, anayefukuzwa kazi na anayepoteza tu hamu. Orodha yako ya akiba ifungue siku ile ile unapofungua fomu, usingoje nyekundu.

Na Comiket ya Tokyo, lile tamasha ambapo mashabiki huuziana vitabu vya katuni walivyotunga wenyewe, ulinisimulia pia, nami nikaenda kuisoma zaidi. Ilianza tarehe 21 Desemba 1975, ukumbi mmoja, vikundi 32, watu kama 700. Mwaka 2019 tamasha lao la kiangazi lilihudhuriwa na zaidi ya watu laki saba kwa siku nne, na hadi leo wanaopanga foleni na kusimamia meza ni maelfu ya wanaojitolea. Msingi wao ni kwamba hakuna mteja pale. Anayeuza kitabu chake, anayekinunua na anayeelekeza foleni juani, wote wanahesabiwa washiriki, na tamasha likiharibika limeharibika mikononi mwa wote. Yoshihiro Yonezawa aliliongoza tangu 1980 hadi alipofariki 2006, akiwa na miaka 53 tu. Wakashika watu watatu kwa pamoja, likaendelea. Korona ikalifuta lile la Mei 2020, Desemba 2021 wakarudi.

Mimi nikisoma hivyo nakuwazia wewe. Kwenu kuna mtu mmoja tu anayejua jedwali linavyofanya kazi. Wengine wote wanaleta malalamiko kwako kama dukani: picha yangu imechelewa, siku yangu nibadilishie, huyu kanijibu vibaya. Nawe unawahudumia, kwa sababu ndivyo nilivyokulea, mgeni asikae bila kuulizwa kama amekunywa maji. Kwenye shughuli zetu mpishi hula mwisho, lakini hakuna anayemwachia achote maji, akate kuni, apike na agawe sahani peke yake. Wewe umeachiwa vyote hivyo, na sidhani kama ni ubaya wa watu. Hawajaombwa.

Basi waombe. Yule dada wa Brazil mpe zamu ya usiku wa tarehe ya mwisho. Saa tisa yako ya usiku kwake ni saa tatu, bado hajalala. Kijana wa Mwanza mpe upande wa wachoraji, apokee rasimu. Ana jicho, na watu wanamheshimu sasa. Atafute na mwenzake, maana simu yake ikiharibika mtakwama. Malalamiko yote yaende kwa watu wawili, mmoja wao asiwe wewe. Jedwali nalo liandikie maelezo ya kurasa mbili, mtu mgeni aweze kuliendesha wiki nzima uko safarini. Ukishaona hakuna aliyekubali kushika chochote, hapo nitakuunga mkono ukisema huandai.

Usimsikilize anayekwambia ni mambo ya kitoto. Ile maktaba mnakoweka hadithi zenu, Archive of Our Own, ilifunguliwa 2009, imejengwa na inaendeshwa na watu wanaojitolea, wengi wao wanawake, na mwaka 2019 ikapewa Tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya hadithi za kubuni za kisayansi na za ajabu. Mimi sijui nusu ya wahusika mnaowaandikia. Najua kazi ya mtu ninapoiona.

Huyo mchoraji aliyeondoka, mwandikie. Usimwombe arudi, na usimweleze tena kwamba alionekana hana kosa, hilo analijua. Mwambie ulichokipenda kwenye picha yake, kitu kimoja, kwa kukitaja. Halafu mwache ajibu au asijibu.

Ukija mwezi ujao omba ruhusa ya Jumatatu pia. Baba yako anataka umsomee ile hadithi ya mwalimu yote, kwa Kiswahili, na hataki kufupishiwa.

Wako akupendaye,
Mama