GV ya dukani iandikwe nguvu yake

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee ile dawa ya zambarau tunayoiita GV (gentian violet), wazazi wanayowapaka watoto mdomoni kutibu fangasi, maana mi nafanya kazi maabara, vidole vyangu haviishi rangi hiyo, halafu nikirudi mtaani naikuta kwenye midomo ya watoto wachanga.

GV ni rangi ya kemikali, ya kutengenezwa kiwandani, na sisi maabara tunaitegemea kweli. Mwaka 1884 daktari mmoja wa Denmark, Hans Christian Gram, akiwa Berlin ndo alionyesha inavyotenganisha bakteria na mpaka leo tunafuata njia yake, unapaka usaha kwenye slaidi, yaani kipande cha kioo, unaipitisha kwenye moto, unamwagia GV, kisha ayodini, unasuuza na spiriti, unamalizia na rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene wanang'ang'ania zambarau, wenye ukuta mwembamba inawatoka wanabaki na wekundu, na hapo daktari anaanza kujua aelekee dawa gani wakati majibu ya kuotesha bakteria bado siku mbili tatu.

Sasa rangi inayomshika bakteria hivyo haichagui, inashika na nyama ya mtu. GV inaua fangasi, sibishi, ndo maana miongozo ya kutibu watoto imekuwa ikiiruhusu mdomoni ila kwa nguvu ya asilimia 0.25 tu. Juzi jirani kaniletea kichanga cha wiki tatu, mdomo umechubuka ndani, hanyonyi, kumbe anapakwa asubuhi mchana jioni na mama anaongeza akidhani fangasi zimezidi. Nikaomba chupa niione, haina asilimia popote! Nilikasirika sana, ila si kwa yule mama.

Halafu kuna hili la kansa. Panya waliolishwa rangi hii muda mrefu walipata uvimbe kwenye ini, na 2019 wizara ya afya ya Kanada ikawashauri wananchi waache kutumia dawa zote zenye GV. Hao ni panya, aliyempaka mwanae mara mbili asianze kulia usiku, lakini kumpaka mtoto wiki nzima kwa kukisia haifai jamani.

Wenye maduka ya dawa nawaomba, kila chupa iandikwe asilimia, na mzazi ukiona haijaandikwa irudishe, mpeleke mtoto kliniki wamwangalie, nistatini ya matone, dawa nyingine ya fangasi, ipo na haichubui.

Mtu wa maabara,
Morogoro